Mwenye Kugundua Sifa ya Makaa Asimiliki Makaa

Kila masika yanapoingia katika bonde la Mto Tana, na kila mafuriko yanapowatoa watu majumbani mwao na kuwapeleka katika mahema yaliyopigwa kando ya barabara, jambo moja huonekana tena na tena kutoka Garsen mpaka Hola, nalo ni kwamba seredani ya makaa, ambayo wakati wa kiangazi hukaa uani, huingizwa ndani, mlango hufungwa kwa kukimbia mvua na mbu, na jamaa nzima hulala huku makaa yakiendelea kuwaka polepole katika chumba kisicho na dirisha. Asubuhi watu huamka na vichwa vizito wakasingizia homa au uchovu, na yamkini siku moja akawapo miongoni mwao asiyeamka. Kinachodhuru hapo si moshi uonekanao kwa macho, bali ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha, ambayo huishika damu ya mwanadamu kwa nguvu iliyoishinda ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata mwili ukanyimwa pumzi ilhali kifua kingali kikipanda na kushuka.

Chombo cha kuitambua gesi hii kipo duniani kwa miongo mingi, nacho ni kihisi gesi cha kielektrokemia, kifaa kidogo ambacho katika nchi za baridi hutundikwa ukutani kikapiga king'ora kabla ya madhara kutokea. Kwa nini basi kwetu kimekuwa kitu cha kusikika tu? Umaskini ni sababu ya kwanza, na umbali wetu na viwanda ni ya pili. Walakini iko sababu ya tatu ambayo haitajwi sana katika mabaraza yetu, nayo ni kutojua kwetu wapi hukoma haki ya mvumbuzi na wapi huanza mali ya watu wote. Rai yangu, ambayo nitaitetea katika makala haya, ni kwamba hataza ni haki ya aliyevumbua na inapasa kuheshimiwa, lakini mpaka wake ni kazi aliyoifanya kwa akili yake. Maada iliyokuwapo kabla yake, ikiwa ni mchanga, makaa au madini, haistahiki kuwa milki ya mtu kwa sababu tu ametambua ndani yake sifa ambayo wengine hawakuitambua.

Ndani ya chombo chenyewe

Ni vigumu kuhukumu ugomvi wa kitu usichokijua, kwa hiyo inafaa tukitazame kihisi hiki kwa karibu. Aghalabu ni kikopo cha plastiki ambacho kipenyo chake hakizidi sana sentimita 2, chenye tundu jembamba juu yake, na chini ya tundu hilo pana utando wa Teflon upitishao hewa lakini usiopitisha maji. Utando huo umepakwa unga wa platini, na nyuma ya platini pana asidi ya salfuri iliyonyonywa na kitambaa cha nyuzi za kioo, kisha elektrodi nyingine za kukamilisha njia ya umeme. Kaboni monoksaidi ikipenya na kuigusa platini hugeuka kuwa kaboni daioksaidi, na katika mageuko hayo huzaliwa mkondo wa umeme hafifu mno, ambao hukua kadiri gesi inavyozidi; mtambo huusoma mkondo huo, na ukivuka kiwango cha hatari king'ora hulia.

Hakuna hata kimoja katika viungo hivyo kilichoanza jana. Mwaka 1956 mwanasayansi wa Marekani, Leland Clark, aliitia platini nyuma ya utando wa plastiki ili apime oksijeni, na hospitali za dunia nzima zikafaidika. Mwaka 1962 Naoyoshi Taguchi wa Japani aliomba hataza ya kihisi cha namna nyingine, kitumiacho oksidi ya bati, kwa kuwa nyumba za watu wake zilikuwa zikilipuka kwa gesi ya kupikia. Mwaka 1977 kampuni ya City Technology ilizaliwa kutoka chuo kikuu kimoja cha London, ikatengeneza vihisi vya oksijeni kwa ajili ya wachimba makaa ya mawe, na baadaye ikapelekana mahakamani na kampuni nyingine ya Uingereza, Alphasense, kwa ajili ya hataza. Hata kile chombo ambacho askari wa barabarani humpulizisha dereva ili kumtambua mlevi, ambacho Wakenya tumekizoea kwa jina la alkobulo tangu kilipoenea barabarani mwishoni mwa mwaka 2013, aghalabu hufanya kazi kwa platini na asidi kwa kanuni hiyo hiyo.

Ugomvi wa siku hizi, kwa hiyo, hauhusu chombo kizima, bali unahusu tabaka moja moja: huyu hudai kuwa mchanganyiko wake wa platini na madini mengine ni mpya, yule hudai kuwa kichujio chake cha kaboni ni kipya, na wa tatu hudai kuwa ameiondoa asidi na kutia badala yake chumvi za namna ya pekee zikaazo hali ya maji bila ya kupashwa moto wala kukauka upesi. Kampuni kubwa kama Dräger ya Ujerumani na MSA ya Marekani zimeomba hataza katika jambo hili la mwisho, na mtu wa Garsen asidhani kwamba halimhusu, maana asidi ndiyo udhaifu wa kihisi katika nchi kama yetu: joto la kiangazi huikausha, na unyevu wa masika huijaza maji hata ikafura na kuvuja. Chombo kilichoundwa kwa hali ya hewa ya Ulaya huchakaa mapema kikiletwa katika delta ya Tana, na anayemiliki dawa ya udhaifu huo ndiye atakayeamua sisi tutalala salama kwa bei gani.

Mchanga wa Kwale na taa ya Nernst

Iko namna nyingine ya kihisi ambayo kila fundi wa gereji katika barabara ya Malindi na Garsen ameishika kwa mkono wake, ijapokuwa huenda hajaulizwa imetoka wapi, nayo ni sensa ya oksijeni iliyofungwa katika bomba la moshi la gari. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliitia sokoni mwaka 1976, na moyo wake ni kauri ya oksidi ya zirkoni iliyochanganywa na itria. Zirkoni hiyo hupatikana katika mchanga mzito wa pwani, na pwani yetu imejaaliwa mchanga huo: kampuni ya Base Titanium ilisafirisha shehena yake ya kwanza kutoka Kwale mwaka 2014 na kuendelea kuuza ilmenaiti, rutaili na zirkoni mpaka ilipofunga machimbo mwishoni mwa mwaka 2024.

Lakini kauri hiyo, je, ilivumbuliwa mwaka 1976? La, hasha. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa mwanakemia wa Ujerumani, Walther Nernst, aliunda taa ya umeme ambayo ufito wake ulikuwa wa zirkoni na itria, akaiuza hataza yake kwa kampuni ya AEG kwa marki milioni 1, fedha ambazo zama hizo zilikuwa utajiri mkubwa. Taa ile ilizimwa na taa zilizokuja baada yake, lakini maada yake ikabaki katika vitabu, na zaidi ya nusu karne baadaye wanasayansi wengine wakatambua kwamba kitu kile kile kilichotoa nuru kinaweza kupima oksijeni. Waliotambua hivyo walistahiki sifa na malipo, kwa kuwa walifungua mlango wa matumizi ambayo hayakuwapo. Walakini je, walistahiki kuimiliki kauri yenyewe, hata mfinyanzi anayeiunda kwa haja nyingine alazimike kuwaomba ruhusa? Insafu inakataa, na sheria inayofuata insafu inapasa kukataa pia.

Mizani ya mahakama

Mahakama za nchi nyingine zimekwisha lipima jambo hili, na hukumu zao ni mafunzo kwetu. Mwaka 1985 mahakama ya rufaa ya Marekani inayosikiliza mashauri ya hataza ilihukumu kesi ya kampuni ya Titanium Metals, iliyoomba hataza ya aloi ya titani yenye nikeli na molibdeni kidogo, kwa hoja kwamba aloi hiyo haili kutu ndani ya maji ya chumvi yenye joto kali. Ikaonekana kwamba mwaka 1970 jarida moja la Kirusi lilikuwa limechapa mchoro ambao nukta yake moja iliangukia ndani ya vipimo vile vile, bila ya kutaja kutu hata kwa neno moja. Kampuni ikasema kuwa Warusi hawakuijua faida ya aloi ile. Mahakama ikajibu kwamba aloi ilikuwa imekwisha julikana, na kuitambua sifa mpya ya kitu cha kale hakukifanyi kitu hicho kuwa kipya. Nukta moja katika mchoro wa lugha ya kigeni ikaliangusha ombi la kampuni kubwa.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na nyua zetu. Mwarobaini, mti ambao hakuna kijiji cha pwani kisichouotesha wala mama asiyeujua uchungu wa majani yake, nusura umponyoke mwenyewe: mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza ya kutumia mafuta ya mti huo kuzuia kuvu katika mimea. Watetezi wakiongozwa na Vandana Shiva wa India wakaipinga kwa ushahidi kwamba wakulima wa India walikuwa wakiyatumia mafuta hayo tangu zamani, hataza ikabatilishwa mwaka 2000, na rufaa ikatupiliwa mbali mwaka 2005. Haki ilipatikana, lakini tuzingatie kwamba ilipatikana baada ya miaka mingi, na kwa kuwa walikuwapo watu waliosimama wakaleta ithibati. Je, ingelikuwa mali ya Wapokomo au ya Waorma wa huku kwetu Tana, nani angelikwenda kwenye ofisi hiyo ya Munich na daftari mkononi? Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari.

Sheria yetu inasemaje

Mpaka mwaka 1989 Kenya haikuwa na mlango wake wa hataza. Aliyetaka hataza hapa ilimlazimu aipate Uingereza kwanza, ndipo aje kuisajili Nairobi. Leo tunayo Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001 na taasisi ya KIPI ya kuisimamia, na sheria hiyo inasema bayana kwamba ugunduzi mtupu si uvumbuzi, na kwamba kitu hupewa hataza kikiwa kipya, kikiwa na hatua ya uvumbuzi ambayo mjuzi wa fani hiyo asingeifikia kwa urahisi, na kikiwa na manufaa katika kazi. Hata hivyo sheria hiyo hiyo huyataja pia matumizi mapya kuwa ni jambo linaloweza kustahiki hataza, na hapo ndipo panapotaka hadhari, maana maneno hayo yakisomwa kwa wema humlipa mwenye bidii, na yakisomwa kwa ulegevu huwapa wenye mawakili hodari nafasi ya kujitwalia vitu vya kale kwa kuvivika kazi mpya.

Yako mambo mawili ambayo kila kijana wa ufundi anapaswa kuyajua kabla ya kuogopa jina la hataza. La kwanza ni kwamba hataza huishi miaka 20 tangu siku ya maombi, kisha elimu iliyomo ndani yake huwa ya watu wote. Uvumbuzi wa Clark, wa Taguchi na ule wa kwanza wa Bosch umekwisha kuwa huru zamani, na maelezo yake yameandikwa kwa ukamilifu kwa kuwa sheria humtaka mvumbuzi aeleze siri yake kama bei ya ulinzi anaopewa. La pili ni kwamba hataza ina mipaka ya nchi: isiyoombwa KIPI, wala kuombwa kwa ajili ya Kenya kwa njia ya shirika la ARIPO lenye makao yake Harare, haina nguvu Garsen, ingawa bidhaa iliyotengenezwa hapa ikipelekwa kuuzwa katika nchi ilikosajiliwa italeta mashitaka. Ni mafundi wangapi waliokwisha kuacha wazo jema kwa kudhani kwamba kila kilichovumbuliwa ng'ambo kimefungwa milele?

Mathenge wa Bura na Hola

Natija ya maneno haya yote kwa watu wa Tana huonekana wazi katika mti wa mathenge. Mti huu uliletwa Kenya mwaka 1973 ili kuotesha machimbo ya Bamburi, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapandwa Baringo, na huku kwetu Bura na Hola, kwa nia njema ya kuzuia jangwa. Lakini ukaasi, ukafunga malisho na njia za kuendea mtoni, miiba yake ikawatoboa watu na mifugo, hata wenyeji wa Baringo wakaishtaki serikali na kumfikisha mahakamani mbuzi aliyeharibiwa meno na tunda lake. Mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu la hatari. Kheri moja iliyobaki ndani ya shari hiyo ni makaa yake, ambayo magunia yake hupangwa kando ya barabara na kusomesha watoto wa nyumba nyingi.

Sasa tuseme kwamba makaa hayo yakipashwa moto kwa mvuke hufunguka vinyweleo, yakawa kaboni ya kuchuja, maana hivyo ndivyo kaboni ya namna hiyo itengenezwavyo kutokana na miti na vifuu vya nazi popote duniani, na kaboni kama hiyo ndiyo hutiwa mbele ya kihisi kuzuia mvuke wa pombe na gesi nyingine zisikidanganye. Siku kampuni itakapokwenda KIPI na ombi la kumiliki kaboni yoyote ya mathenge itumikayo katika kihisi, tutasema nini? Ombi hilo likataliwe, kwa kuwa kaboni ya mti si jambo jipya. Lakini ikiwa mwombaji ataonyesha joto mahususi, dawa mahususi na kipimo cha vinyweleo ambacho wajuzi hawakukitarajia, basi apewe hataza ya njia yake hiyo na isizidi hapo. Mchonga mtumbwi ana haki ya mtumbwi wake na ya ufundi wa mkono wake, lakini hana haki ya miembe yote iliyoota kingo za mto kwa kuwa yeye ndiye aliyeutambua mmoja kuwa unaelea.

Na haki hiyo si ya wageni peke yao. Kijana wa chuo cha ufundi atakayebuni kasha la kukikinga kihisi na joto na vumbi la Garsen, au namna ya kukitumia bila ya umeme wa gridi, anaweza kuomba cheti cha uvumbuzi mdogo, ambacho sheria yetu hukipa miaka 10 na haikidai hatua kubwa ya uvumbuzi, mradi kitu kiwe kipya na chenye kufaa. Asikitembeze katika maonyesho kabla ya kuomba. Sheria ya Kenya humpa mvumbuzi muhula wa miezi 12 baada ya kutangaza kitu chake, lakini Ulaya aghalabu haimpi hata siku moja.

Hoja ya upande wa pili

Wako watakaosema kwamba hataza ikibanwa sana hakuna atakayetumia miaka na mali yake kutafuta maada bora, na hoja hiyo ina uzito wala haifai kubezwa, maana platini ni ghali, majaribio hushindwa mara nyingi kabla ya kufaulu, na mtu asiye na tamaa ya faida ni nadra. Lakini ninachokidai si kumnyima mvumbuzi ujira wake. Ninachokidai ni kwamba ujira ulingane na kazi. Mtu aliyeivumbua njia akilindwa katika njia yake hupata faida, na mwenzake huachiwa nafasi ya kutafuta njia nyingine, na katika mashindano hayo bei hushuka na chombo hufika kwa wengi. Aliyemilikishwa maada nzima hana sababu ya kuongeza bidii, kwa kuwa kila atakayekuja baada yake atalipa ushuru mlangoni.

Na wanaolipa ushuru huo mwisho wa yote ni nani? Ni mama aliyelala na watoto wake hemani karibu na jiko. Ni mchimba kisima anayeshuka wakati wa ukame kuwatafutia ng'ombe maji, ambaye huteremsha taa kwanza akidhani kwamba ikiendelea kuwaka hewa ni salama, ilhali taa huzimika kwa upungufu wa oksijeni tu, na kaboni monoksaidi ya pampu ya petroli iliyowekwa ndani ya kisima humuua mtu na taa ikiwaka. Ni mgonjwa wa hospitali ya mbali ambaye mashine yake ya oksijeni inahitaji kihisi cha kuhakikisha kwamba kinachotoka ni oksijeni ya kutosha.

Yanayotupasa

Katiba ya mwaka 2010 imeiamuru Dola kukuza na kulinda mali ya akili ya watu wa Kenya, na amri hiyo haitekelezwi kwa hotuba. Wakaguzi wa KIPI waongezwe na wasomeshwe elimu ya maada, ili ombi pana lisipite kwa kuwa aliyelikagua hakuwa na muda wa kutafuta yaliyokwisha chapwa kwingine. Serikali ya kaunti iliyoko Hola, pamoja na Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi, ianzishe daftari la maarifa na mali asili za Tana, kuanzia makaa ya mathenge hadi dawa za miti, ili siku ya ugomvi tuwe na ithibati badala ya masimulizi. Vyuo vya ufundi vifundishe kusoma hataza zilizokwisha muda wake, kwa kuwa ndizo maktaba isiyolipiwa ambayo haijafunguliwa na watu wetu. Ajizi ni nyumba ya njaa, na katika jambo hili ajizi ni nyumba ya msiba pia.

Kwako msomaji ninalo ombi moja la leo, na moja la kesho. La leo ni kwamba, mpaka kihisi kitakapofika nyumbani kwako, jiko la makaa litolewe nje kabla ya kulala, hata kama mvua inanyesha. La kesho ni kwamba utakaposikia mtu ameomba kumilikishwa kitu kilichokuwa katika ardhi yetu kabla yeye hajazaliwa, usiseme kwamba hayo ni mambo ya mawakili wa Nairobi: uliza amevumbua nini, na alichokivumbua apewe, alichokikuta hapa kibaki kuwa chetu sote.